Kimbunga Bila Upepo: Vimbunga vya Bahari ya Hindi na Maisha ya Wafugaji na Wakulima wa Isiolo

Makala haya yanachunguza namna vimbunga vya Bahari ya Hindi vinavyoathiri malisho, miti na mashamba katika Kaunti ya Isiolo nchini Kenya. Yamkini msomaji atauliza, kwa nini Isiolo? Mji huo uko bara, mbali na pwani, na haufiki hata digrii 1 kaskazini mwa Ikweta. Vimbunga ni nadra mno kutokea karibu kiasi hicho na Ikweta, kwani nguvu ya mzunguko wa dunia inayoupinda upepo hadi ukazunguka ni hafifu hapo. Hata hivyo, mwanzoni mwa mwaka 2020 watu wa Isiolo walipoteza majani na mazao katika janga ambalo chanzo chake kimojawapo ni vimbunga viwili vilivyopiga Bara Arabu mwaka 2018.

Tuanze na lugha. Kiswahili hakina ufukara wa msamiati katika uwanja huu: kuna dhoruba, tufani, kimbunga, na chamchela ambayo huinua vumbi na takataka njiani kisha ikatoweka. Fasili zilizozoeleka za neno kimbunga hukitambulisha kwa upepo wake, yaani ukali, kasi na mzunguko. Kwa mtu wa visiwani fasili hiyo yatosha. Kimbunga kilichopiga Unguja tarehe 15 Aprili 1872, katika utawala wa Sayyid Barghash, kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi na kuzamisha vyombo bandarini. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, hivyo hasara ya siku moja ikawa hasara ya miaka mingi. Pemba haikuumizwa kiasi hicho, na tangu hapo ikawa ndiyo nchi ya karafuu hasa. Vivyo hivyo, Kimbunga Hidaya kilipokaribia Kisiwa cha Mafia mwezi Mei 2024, maonyo yalihusu upepo, mawimbi, wavuvi na vyombo vya baharini. Aliyeathirika alikuwa palepale kimbunga kilipo.

Isiolo inatuonyesha upande mwingine. Mwezi Mei 2018 Kimbunga Mekunu kilitua karibu na Salala, kusini mwa Omani. Mwezi Oktoba Kimbunga Luban kikafuata, kikatua mashariki mwa Yemeni. Upepo ulipita, maji yakabaki. Mvua ilinyesha hata ndani ya jangwa la Rub al-Khali, mahali ambapo miaka hupita bila tone. Nzige wa jangwani hutaga mayai katika mchanga wenye unyevu, na watoto wao huhitaji majani mabichi. Vyote viwili vilipatikana. Katika muda wa miezi tisa hivi walizaliana vizazi vitatu mahali pasipo mtu wa kuwaona, na kwa makadirio ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa wakaongezeka takriban mara 8,000. Walivuka kuingia Yemeni, ambako vita vilikuwa vimedhoofisha kazi ya kuwadhibiti, kisha wakaingia Uhabeshi na Somalia katikati ya mwaka 2019. Mwezi Desemba Kimbunga Pawan kilitua Somalia na kuongeza unyevu. Mvua za vuli za mwaka huo nazo zilikuwa kubwa kupita kawaida. Tarehe 28 Desemba 2019 makundi ya nzige yaliingia Kenya, na mwezi uliofuata yalikuwa Isiolo. Kenya ilikuwa haijaona uvamizi wa kiasi hicho kwa miaka 70.

Hapa inafaa tukae kidogo. Nzige mmoja ana uzito wa takriban gramu 2 na huweza kula uzito wake kwa siku. Kundi lililoenea kilomita moja ya mraba hula kwa siku chakula kinachoweza kuwatosha watu 35,000. Hesabu hiyo hutolewa kwa chakula cha watu, ilhali sehemu kubwa ya Isiolo ni nchi ya mifugo. Mborana, Msamburu, Mturkana au Msomali wa huko hategemei ghala bali majani: nyasi kwa ng'ombe na kondoo, matawi ya migunga na vichaka kwa ngamia na mbuzi. Mkulima wa kumwagilia maji maeneo ya Kinna anaweza kupanda tena mbegu akizipata. Mfugaji hana mbegu ya malisho; hungoja mvua, au huhama, na kuhama huko humkutanisha na wenzake waliohamia kisima kilekile. Kwa hiyo kuhesabu ekari za mazao tu ni kuliona janga kwa jicho la mkulima peke yake.

Magazeti na redio viliita tukio hilo "uvamizi wa nzige". Istilahi hiyo si kosa, lakini inalikata janga na chanzo chake: nzige wanakuwa adui aliyetoka kusikojulikana. Kiswahili kinacho chombo kizuri zaidi, tofauti kati ya nzige arukaye na tunutu, yaani mtoto wake asiye na mabawa. Tunutu hutembea ardhini kwa wiki kadhaa, na ndio wakati unaofaa zaidi kuwanyunyizia dawa. Anayejua neno hilo anajua pia ni lini atoe taarifa kwa chifu. Aliyefundishwa neno "nzige" pekee hungoja mpaka mbingu iwe nyeusi.

Mwezi Novemba 2020 Kimbunga Gati, chenye nguvu kuliko vyote vilivyowahi kurekodiwa kutua Somalia, kilileta mvua nyingine kaskazini mwa nchi hiyo, na makundi mapya yakarejea Kenya kabla ya mwaka kwisha. Safari hii ndege za kunyunyizia dawa zilikuwa tayari. Isitoshe, mvua zilianza kukosekana, na mayai hayakupata unyevu. Kufikia katikati ya mwaka 2021 nzige walikuwa wamepungua sana nchini Kenya. Mvua hizo zilizokosekana ziliendelea kukosekana misimu mitano mfululizo, hadi mwanzoni mwa mwaka 2023, na mifugo mingi ya Isiolo ikafa katika kipindi hicho.