Mafunzo Niliyopata Nikiunganisha Programu ya Mizigo na Tovuti, Luano

Wakala mmoja wa mizigo ya ndege hapa Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, alikuwa na programu ya Java ya kukokotoa malipo, iliyotumika dirishani miaka mingi. Akataka wateja waone bei ileile kwenye simu. Tovuti niliijenga kwa Django, mfumo uliozaliwa katika gazeti la Lawrence, Kansas, ukatolewa kwa umma mwaka 2005.

1. Hesabu ibaki ilipo. Inashawishi kuiandika upya, maana kanuni ni fupi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 6,000, linganisha na kilo za mizani, iliyo kubwa ndiyo hulipiwa. Katoni ya 60 kwa 50 kwa 40 yenye kilo 12 hulipiwa kilo 20. Lakini ndani ya Java mlikuwa pia na kima cha chini cha malipo, kupandisha hadi nusu kilo, na wateja wa zamani wenye bei zao. Hayo hayakuandikwa penginepo. Basi Java tukaiwekea mlango mdogo wa HTTP: Django inapeleka vipimo, inapokea bei, inaionyesha. Haijumlishi chochote.

2. Namba ya hati ya mzigo ihifadhiwe kama maandishi. Ina tarakimu 11, na 3 za mwanzo ni za shirika la ndege. Ethiopian ni 071. Ukiifanya namba, sifuri inadondoka na mzigo hauonekani tena. Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi: chukua 7 zilizo kabla yake, zigawe kwa 7, salio ndilo hilo. Ukaguzi huu niliuruhusu ukurasani, nikailegeza kanuni yangu ya kwanza, ya hesabu kubaki Java, kwani unamwokoa mteja kabla hajabonyeza.

3. Saa. Lubumbashi imeitangulia Kinshasa kwa saa moja. Java na Django zote zihifadhi UTC, kisha ukurasa ugeuze kwa Africa/Lubumbashi.

4. Bei isafiri na sarafu yake, USD au CDF, nayo iwe maandishi. Desimali za kompyuta hudokoa senti.

5. Java ikizimika, tovuti isitoe bei ya jana. Mama wa dirishani aliniambia: “Afazali baniite ku simu kuliko kufika na makuta yenye haitoshe.” Ukurasa sasa husubiri sekunde 5, kisha huonyesha namba ya simu ya dirisha lake.