PICHA YA UBONGO NA HATARI YA DAMU

Siku babu alipoanguka kijijini kwetu, katika delta ya Rufiji, maji yalikuwa yamekupwa na mashua imelala juu ya tope. Mdomo wake ulikwenda upande, mkono wa kuume ukalegea. Wazee walisema ni upepo mbaya. Jirani akaleta aspirini, lakini mama aliikataa. Tulingoja maji yajae, tukaenda Nyamisati, tukapita Kibiti usiku, tukafika Dar es Salaam asubuhi. Huko daktari alinionyesha picha, nami napenda kuwaeleza wenzangu niliyojifunza.

Kiharusi ni cha namna mbili. Ama mshipa wa ubongo umezibwa na donge la damu, ama umepasuka na damu imemwagika. Kwa kumtazama mgonjwa tu huwezi kuzitofautisha. Picha ya eksirei ya kawaida nayo huonyesha fuvu, siyo ubongo. Ndipo Mwingereza Godfrey Hounsfield akatengeneza siti skani, mashine inayopitisha miali ya eksirei kutoka kila upande na kuonyesha ubongo kipande kwa kipande, kama mkate uliokatwa. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha hiyo London mwaka 1971.

Katika picha, damu iliyomwagika karibuni ni nyeupe. Sehemu iliyokosa damu huzidi kuwa nyeusi kadiri saa zinavyopita, na weusi huo ndio unaoonya. Mishipa ya hapo imedhoofika kama kamba iliyooza. Damu ikirudi, yaweza kuvuja.

Dawa ya kuyeyusha donge hutolewa kwa kawaida katika saa 4 na nusu za kwanza. Katika uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 1995, kati ya kila wagonjwa 100 waliopewa dawa hiyo, kama 6 walipatwa na madhara ya kuvuja damu ubongoni. Wasiopewa hawakufika hata 1. Hata hivyo, waliopona vizuri walikuwa wengi zaidi kati ya waliopewa. Kwa hiyo daktari hupima kwanza: weusi ukiwa mpana, huizuia dawa.

Weusi wa babu ulikuwa mpana, na saa zilikwisha kupita. Yu hai, lakini mkono wake haushiki kasia tena.

Basi tukumbuke haya. Tuandike saa mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho. Tusimpe aspirini kabla ya picha, maana huenda mshipa umepasuka. Na chombo kiondoke kwa maji ya kwanza.