Jua Haki Zako: Mweusi Kuliko Wenzake

Mswahili anajua kutofautisha mweusi tii na maji ya kunde, na sheria ya Marekani nayo inaijua tofauti hiyo. Kifungu cha VI cha Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 kinaikataza shule inayopokea fedha za serikali kuu, na shule za umma karibu zote huzipokea, kumbagua mwanafunzi kwa mbari, kwa rangi au kwa taifa alikotoka. Mbari na rangi zimetajwa kila moja peke yake. Kwa hiyo mzazi aliyehamia huko kutoka Kongo au Tanzania, akiona mwanawe anaonewa kwa kuwa mweusi kuliko Weusi wenzake, asikubali kuambiwa kwamba hapo hapana ubaguzi.

Wapo wanaouliza: mwalimu mwenyewe ni Mweusi, atambaguaje mwenzake? Mwaka 1989 mahakama ya shirikisho huko Georgia iliruhusu isikilizwe kesi ya mfanyakazi Mweusi, maji ya kunde, aliyemlalamikia msimamizi wake Mweusi aliyemzidi weusi. Ilikuwa kesi ya ajira, lakini neno rangi ni lile lile. Na madhara shuleni si ya kufikirika. Utafiti wa Hannon, DeFina na Bruch uliotoka 2013 ulionyesha kwamba miongoni mwa wanafunzi Weusi, wenye ngozi nyeusi zaidi walikuwa hatarini zaidi kusimamishwa masomo, hasa wasichana. Binti yako akisimamishwa, kumbuka uamuzi wa Mahakama Kuu wa 1975 katika kesi ya Goss: mwanafunzi wa shule ya umma ana haki ya kuelezwa kosa lake na kujieleza.

Shule itasema ni utani wa watoto. Neno moja lililoponyoka huenda likawa utani. Kejeli za kila siku zinazomfanya mtoto achukie darasa si utani tena, na shule ikijua ikanyamaza, lawama ni yake. Ndiyo maana barua ina uzito kuliko malalamiko ya mlangoni. Andika tarehe, kipindi, aliyesema, waliosikia, na maneno yenyewe yalivyotamkwa, hata kama yanaumiza kuyaandika. Mpe mkuu wa shule, ubaki na nakala. Kukulipizia kisasi wewe au mtoto kwa kulalamika ni kosa jingine kisheria.

Wasipochukua hatua, peleka malalamiko Ofisi ya Haki za Kiraia ya Wizara ya Elimu. Hulipi ada wala huhitaji wakili. Muda ni siku 180: zihesabu tangu siku ya tukio, usingoje jibu la shule.