Paka na Simba Jike katika Dini ya Misri ya Kale

Kila mara tukisikia ati Wamisri wa kale waliabudu paka, darasa zima huangua kicheko. Hebu tuchunguze kwanza, kicheko baadaye.

Wamisri walikuwa wakulima wa nafaka kando ya mto Nile. Ghala likijaa, panya nao hao! Sisi wa Meru na Embu twalijua hilo vizuri. Mwenye mahindi ghalani bila paka analisha panya. Basi kwa Wamisri, mungu wa kike aliyeitwa Bastet alionyeshwa akiwa na kichwa cha paka. Mji wake ulikuwa Bubastis, na watu walisafiri kwa mashua wakiimba na kupiga makofi kwenda kwenye sikukuu yake.

Kumbe zamani zaidi Bastet huyo alikuwa na kichwa cha simba! Mwenzake mkali aliitwa Sekhmet, simba jike wa vita na maradhi. Wanasimulia kwamba mungu jua, Ra, alimtuma kuwaadhibu wanadamu, naye akakolea kuua hata asiweze kukoma. Ikabidi imwagwe mitungi 7,000 ya pombe iliyotiwa rangi nyekundu. Akadhani ni damu, akanywa, akalewa, watu wakapona. Hata hivyo, waganga walimwomba huyo huyo awaponye wagonjwa.

Je, kila paka alikuwa mungu? La hasha! Mnyama alikuwa ishara tu ya nguvu za mungu. Ndiyo maana paka wengi walifugwa hekaluni, wakauawa na kukaushwa wawe sadaka. Mwaka wa 1890, tani 19 hivi za maiti hizo zilipelekwa Liverpool, Uingereza, zikauzwa kuwa mbolea!

Wazee wetu walimwomba Ngai wakiuelekea Mlima Kenya, si mnyama. Lakini katika Mbuga ya Meru kuna kaburi la simba jike Elsa, aliyekufa mwaka wa 1961, na wageni hutoka mbali kuja kuliona. Mgeni humwona simba kama Bastet, rafiki. Mfugaji aliyeliwa mbuzi usiku humwona Sekhmet. Wote wawili wanasema kweli, na anayetaka kumhifadhi simba sharti awasikilize wote.

Wamisri waliziona sura hizo mbili na kuzipa majina. Je, mwenzangu, bado unacheka?