Namna ya Kuusoma Mtelezo wa Ardhi Usiotikisa

Ikitoka habari kwamba ufa wa chini ya ardhi "unateleza polepole" mahali fulani, wengi hudhani tetemeko kubwa limeshabisha hodi. Kabla hujashtuka, jifunze kusoma grafu mwenyewe. Data ni za bure: maabara ya jiodesia ya Chuo Kikuu cha Nevada, Marekani, huweka mtandaoni vipimo vya GPS vya maelfu ya vituo duniani, siku kwa siku.

Anzia kituo kinachoitwa ALBH, karibu na mji wa Victoria, Kanada, ambako bamba la ardhi la Juan de Fuca linazama chini ya lile la Amerika Kaskazini. Kinamfaa anayeanza, kwa kuwa mtelezo wa huko hurudi kila baada ya miezi kama 14. Utakuta grafu tatu: mashariki, kaskazini na wima. Ya wima iache, vipimo vyake huyumba mno. Fungua ya mashariki, na hakikisha ni ile iliyoondolewa mwendo wa bamba la Amerika Kaskazini. Usipofanya hivyo, safari ya bara zima itakimeza unachokitafuta.

Sasa tazama miaka kumi, si wiki mbili. Nukta hupanda taratibu kwa mwaka na ushei, maana mabamba yamebanana na ukingo wa bara unasukumwa kuelekea mashariki. Kisha, kwa wiki mbili tatu hivi, zinashuka milimita kama 5, na safari ya kupanda inaanza upya. Grafu nzima inafanana na meno ya msumeno. Kule kushuka ndiko mtelezo: kilomita 30 hadi 40 chini, ufa umeachia na hakuna kikombe kilichotikisika mezani. Mwaka 1999 vituo saba vya eneo hilo viligeuza mwelekeo. Mtafiti Herb Dragert na wenzake wakakadiria kwamba ufa uliteleza sentimita 2 tu, lakini kwa eneo la kilomita 50 kwa 300, na hiyo ni sawa na tetemeko la ukubwa wa 6.7.

Jihadhari na vinavyofanana. Nukta zikiruka kwa siku moja, hilo ni tetemeko la kawaida, au fundi amebadilisha antena. Kagua kumbukumbu za kituo. Wimbi linalorudi kila mwaka msimu uleule mara nyingi ni uzito wa maji au theluji. Na kituo kimoja si ushahidi: fungua vya jirani, uone kama navyo vimegeuka siku zilezile.

Je, baada ya hapo tetemeko linafuata? Mara nyingi halifuati. Mitelezo ya Victoria imepita mmoja baada ya mwingine tangu ilipoanza kupimwa, ilhali tetemeko kuu la mwisho la ufa ule lilitokea Januari 1700. Lakini Japani, siku chache kabla ya tetemeko la Machi 11, 2011, mtelezo wa polepole ulikuwepo karibu na lilipoanzia. Maana yake haikutambuliwa mpaka baadaye.

Kwetu Bonde la Ufa lina mambo yake. Julai 2007 mlima Gelai, kando ya Ziwa Natron, ulitetemeka kwa wiki kadhaa. Tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilisikika hadi Nairobi. Uchunguzi ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya mwendo ilitokea bila mtikisiko: ufa uliteleza polepole, ukalegeza mwamba, magma ikapata njia ya kupenya. Kwa hiyo ukisoma habari za mtelezo huku, usiulizie tetemeko peke yake, ulizia na volkano.

Na ukiletewa ujumbe wa WhatsApp unaotaja siku na saa ya tetemeko, ufute, usiusambaze. Hakuna grafu wala chombo chochote duniani kinachoweza kuitaja siku hiyo.