Bibi, mjukuu wako hapendi mabasi



Barua yako imefika, kurasa nne, kalamu mbili za rangi tofauti. Nadhani ile ya bluu iliishiwa wino ulipofika kwenye habari za mjomba wa mjukuu wako, maana hapo ndipo maandishi yalipokuwa mazito. Nimeisoma mara tatu. Kwa kuwa wewe ni bibi na mimi ni wa umri wa wajukuu zako, niruhusu na utani kidogo humu ndani, desturi inaturuhusu.

Unasema ulimpoteza binti yako Jumapili ile ya tarehe 3 Desemba 2023, alfajiri, matope, mawe na magogo yaliposhuka kutoka Mlima Hanang na kupita Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Mjukuu wako, aliyekuwa na miaka 3, alitolewa mzima, kakwaruzika magoti tu. Sasa anaingia darasa la awali, mmehamia upande mwingine wa mji, na mambo matatu yanakunyima usingizi. Anakojoa kitandani, ilhali alishaacha. Mvua ikigonga bati anajibanza chini ya meza na kuziba masikio. La tatu, linalokutisha kuliko yote, ni mchezo wake: anapanga vijumba vya mawe uani, anachota maji kwenye kidumu, anavifukia kwa tope, kisha anakaa kuchimba na kijiko. Kila siku. Mjomba amemchapa kwa sababu ya kitanda. Jirani anasema ni pepo. Nawe unauliza, “Mtoto wa miaka mitatu anakumbuka nini?”

Bibi, anakumbuka. Ila hakumbuki kama wewe unavyokumbuka. Wewe una maneno: tarehe, saa, nani alipiga kelele, nani alikuja na sepetu. Yeye wakati huo maneno alikuwa na machache, kwa hiyo mambo yale yaliwekwa kwingine. Yapo masikioni, ndiyo maana bati likilia anakimbia. Yapo kwenye kibofu. Yapo mikononi, ndiyo maana anacheza.

Kuna daktari wa akili wa Marekani, Lenore Terr, aliyewafuatilia watoto wa Chowchilla, California. Mwaka 1976 watoto 26 walitekwa wakiwa ndani ya basi la shule pamoja na dereva wao, wakafukiwa ardhini ndani ya lori, wakakaa humo saa nyingi mpaka walipojichimbua wenyewe. Alipowatembelea alikuta wanalicheza tukio lile tena na tena. Baadaye aliwachunguza na wadogo zaidi, waliopatwa na mabaya kabla ya kujua kusimulia, na hata hao waliyaonyesha kwa michezo. Kwa hiyo huyo wako si wa kwanza duniani kufukia vijumba, na pepo hana kazi hapo.

Sasa usifanye kosa la kumnyang'anya kijiko. Umeandika kwamba ukiona anaanza, unamwaga maji na kumwita ndani ale chapati. Chapati zako sina shaka nazo, lakini siku moja jaribu kukaa naye chini, hapo hapo kwenye vumbi, magoti yakiruhusu. Usimfundishe chochote. Sema unachokiona tu: “Naona nyumba imefunikwa. Naona unachimba.” Kisha muulize, “Tumtoe nani kwanza?” Tazama, Bibi, umeandika kwa uchungu kwamba anafukia nyumba, na umeandika kwa haraka haraka kwamba halafu anachimba. Mimi nimesimama hapo kwenye kuchimba. Mwenye kijiko mkononi anaokoa. Alfajiri ile alikuwa mdogo mno, hakuweza kumwokoa mtu. Sasa anaifanya kazi hiyo kila siku baada ya uji.

Lakini siwezi kukwambia kila mchezo ni dawa. Terr mwenyewe aliona kwamba upo mchezo unaomzungusha mtoto pale pale bila kumpa nafuu. Uangalie kama unabadilika. Je, siku hizi kuna anayetolewa mzima? Kuna gari la kuwabeba watu, kuna daktari, kuna bibi? Akimaliza anaonekana mwepesi, anakimbilia mambo mengine? Basi mwache, dawa inafanya kazi. Ila kama ni ule ule mwezi hadi mwezi, uso mkavu, na akimaliza amechoka au amekasirika zaidi, au akiacha kula, akiacha kusema, akianza kujiumiza au kuumiza wenzake, hapo usingoje. Nenda hospitali ya wilaya, au mtafute ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu. Na ipo namba ya simu ya kumsaidia mtoto, 116, haina malipo. Hata mtu mzima mwenye wasiwasi kama wako anaweza kuipiga.

Kuhusu kitanda nitasema kifupi kwa sababu nikisema kirefu nitamkosea heshima mjomba. Mtoto aliyeogopa sana hurudi nyuma kidogo, kwenye umri aliojiona salama. Ananyonya kidole, anataka kubebwa, anakojoa. Fimbo inamwongezea kile kile kilichomkojolesha. Tandika nailoni chini ya shuka, mwamshe mara moja usiku, asubuhi mwanike shuka pamoja bila hotuba. Jirani naye, kama anataka kumwombea, amwombee. Maombi ya upole hayajawahi kumdhuru mtoto. Lakini watu wazima sita kumshika kichwa mtoto wa miaka 5 na kumpigia kelele atoke pepo, hapana. Huyo mtoto ameshasikia kelele za kutosha.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo hukuliuliza.

Katikati ya ukurasa wa tatu, kama vile unanipumzisha, umeandika: “Ila mwanangu huyu anapenda mabasi! Basi la kutoka Arusha likipiga honi anaacha hata chakula, anakimbia barabarani, anasimama mpaka abiria wa mwisho ashuke.” Mistari minane juu yake ukaandika kwamba mlimwambia mama yake amekwenda Arusha kutafuta kazi.

Bibi, sidhani anapenda mabasi.

Najua kwa nini mlisema vile. Mlikuwa kwenye hifadhi ya muda shuleni, watu wamelala chini, kila kona kuna anayelia, na mtoto anauliza mama yuko wapi. Nani angekuwa na jibu? Mkampa jibu la kumtuliza usiku ule. Shida ni kwamba lile la usiku mmoja limekaa miaka miwili. Na mtoto wa umri wake ana hesabu yake mwenyewe: mama yuko Arusha, mabasi yanarudi kila siku, mama harudi, basi lazima nimemfanyia kitu. Watoto wadogo wanaamini wao ndio chanzo cha kila kinachotokea, mvua ikiwemo. Huenda amebeba moyoni kwamba alimwaga maziwa siku moja kabla, akakemewa, mama akaondoka. Hawezi kukuuliza, kwa sababu kuuliza ni kukiri.

Mimi mwenyewe nikiwa na miaka 6 niliambiwa babu “amelala.” Nilikataa kulala kwa siku kadhaa, na nyumba nzima iliona nina ukaidi. Hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili hadi nilipokuwa mtu mzima nikayaunganisha mwenyewe.

Mwambie, Bibi. Chagua asubuhi yenye jua, ameshakunywa uji, mmekaa mahali anapopapenda. Tumia neno lenyewe: amekufa. Usiseme amelala, amesafiri, Mungu amempenda zaidi. La mwisho hilo linamfanya mtoto amwogope Mungu. Sema: “Mama yako alikufa siku ile matope yaliposhuka. Mwili wake uliacha kufanya kazi. Hapumui, hasikii baridi, haumwi, na hawezi kurudi. Tulikwambia yuko Arusha kwa sababu tulikuwa na huzuni, tukashindwa kusema. Haikuwa kosa lako hata kidogo.” Hilo la mwisho lirudie hata kama hajauliza. Atakuuliza tena kesho, na wiki ijayo, maswali yale yale, pengine huku anatafuna muwa, kisha aende kucheza kama hakusikia kitu. Usidhani hajali. Watoto huhuzunika kwa vipande vidogo vidogo, kama wanavyokula.

Na mpeleke kaburini. Umesema siku ya mazishi aliachwa kwa majirani. Haijachelewa. Aende na kidumu chake amwagilie ua mtakalopanda. Huyu ni fundi wa maji na udongo, kazi hiyo ataipenda.

Na baba yake nina neno naye, umsomee. Anatoka Mirerani mara moja kwa miezi miwili, analeta zawadi, halafu anaondoka alfajiri mtoto akiwa amelala “ili asilie.” Mama alipotea alfajiri. Baba anapotea alfajiri. Unashangaa mtoto anaamka saa kumi na moja kila siku na kupapasa kitanda kuona kama upo? Amuage. Amwambie anaondoka leo, atarudi lini, na kama hajui atarudi lini asitaje siku. Atalia, ndiyo. Kilio cha kuagwa kinaisha.

Nimekuwa nikikifikiria kijiji kimoja cha Wales, Aberfan. Tarehe 21 Oktoba 1966 rundo la taka za mgodi wa makaa ya mawe lililokuwa mlimani lilijaa maji, likateleza na kuifunika shule. Walikufa watu 144, watoto 116. Waliookoka walipokuwa watu wazima walisimulia jinsi nyumbani jambo lile halikusemwa, na jinsi wengine walivyoogopa hata kucheza nje, wasije wakaonekana na wazazi waliofiwa. Kila mmoja alinyamaza ili kumhurumia mwenzake. Zaidi ya miaka 30 baadaye wapo waliokuwa bado wanashtuka usiku. Sikwambii haya kukutisha. Nakwambia kwa sababu nyumba yako ina watu wawili wanaonyamaziana kwa huruma.

Maana umeandika kurasa nne, na mistari inayohusu huzuni yako mwenyewe ni miwili: “Mimi sijalia mbele yake hata siku moja. Najikaza.” Ulifiwa na binti, Bibi. Mtoto anakuona umejikaza, anadhani kumkumbuka mama ni jambo lisiloruhusiwa hapo nyumbani. Siku chozi likikutoka, usikimbilie jikoni kusingizia kitunguu. Mwambie, “Nalia kwa sababu namkumbuka mama yako. Nikimaliza tutapika.” Halafu mpike kweli, aone kwamba huzuni inakuja na kuondoka na ugali unaiva. Nawe tafuta wa kukusikiliza, awe mwenzako wa jumuiya au yule rafiki uliyesema mmepotezana tangu mhame.

Mvua zitarudi, na ahadi ya kwamba mlima hautashuka tena usimpe. Huna uwezo nayo. Mpe kazi. Mawingu yakifunga, yeye ndiye mshika tochi. Mkoba wenye nguo na nyaraka uwe mlangoni na ajue ulipo, ajue mtaelekea kwa nani na kwa njia ipi, muijaribu njia hiyo siku ya jua kama matembezi. Moyo ukimwenda mbio, mfundishe kupuliza polepole kama anayepoza uji, wewe ukipuliza naye. Na siku mbingu ikiwa safi, mtoke mkautazame huo mlima. Mwambie sehemu yake ilijaa maji ikashindwa kujishikilia. Hakuna aliyeukasirisha.

Mwishoni umeuliza kama wewe, mzee wa miaka 64, usiye na elimu, unatosha. Kuna mtafiti, Emmy Werner, aliyewafuatilia kwa miongo kadhaa watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii. Miongoni mwa waliokulia katika shida nzito, kama theluthi moja walitoka wazima, wenye kazi, wenye kupenda na kupendwa. Walichofanana wengi wao ni kuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyekuwapo siku zote. Mara nyingi si mzazi. Shangazi, mwalimu, na wazee wa namna yako wanaopika chapati kupita kiasi. Mweleze mwalimu wake yaliyompata, ili mvua ikianza darasani amsogeze karibu naye badala ya kumfokea. Jioni endelea na hadithi zako, sungura yule yule mdogo anayewashinda wakubwa, hata akitaka ile ile siku kumi mfululizo. Uji saa ile ile. Hilo unalijua, sikufundishi.

Siku utakapomwambia kuhusu mama yake, usitegemee jambo kubwa. Huenda akakusikiliza vizuri, akakubali, na saa mbili baadaye basi likapiga honi akaacha kila kitu akakimbia barabarani kama kawaida. Usimwite arudi, wala usimkumbushe. Vaa ndala zako umfuate, simama naye, mpaka abiria wa mwisho ashuke.