Kabla Hamjamfungashia Kocha Virago

Wadogo zangu wa Hasamba, Vwawa na Songwe nzima, leo tuweke kando habari za wachumba na mawifi. Kuna mdogo wangu yumo kwenye kamati ya utendaji ya timu inayomlipa kocha mshahara. Ushindi umekauka, mashabiki wanaimba "kocha aondoke", na Jumapili kamati inakaa. Anauliza: "Dada, ninyooshe mkono upande upi?"

Mdogo wangu, kama kikao kimeitwa ili kupoza hasira za mashabiki, usinyooshe mkono wa kumfukuza. Hasira hizo zinapoa wiki moja tu, kisha mnabaki na timu ileile na kocha mpya asiyejua hata majina ya mabeki wake.

Unakumbuka tarehe 5 Novemba 2023, Yanga walipoifunga Simba 5-1? Siku mbili baadaye kocha wa Simba, Robertinho, hakuwa na kazi. Huyo ni kocha ambaye kabla ya siku hiyo alikuwa hajapoteza mechi ya ligi msimu ule, na Agosti alikuwa ameshabeba Ngao ya Jamii mbele ya Yanga haohao. Akaja Benchikha, naye akaondoka Aprili, Juma Mgunda akamalizia msimu. Simba wakamaliza wa tatu, nyuma ya Azam, na Ligi ya Mabingwa Afrika ikawapita. Wana Simba mnaonisoma, najua bado inauma, ila niambieni kwa haki: kumwondoa Robertinho kuliponya nini?

Geukia Yanga. Septemba 2021 kocha wao, Nasreddine Nabi, alitolewa hatua ya awali ya Ligi ya Mabingwa na Rivers United ya Nigeria, akafungwa nyumbani na ugenini. Kwingine angepewa barua palepale uwanja wa ndege. Viongozi wakambakiza, naye akatwaa ubingwa wa 2021/22 bila kupoteza mechi hata moja ya ligi. Waliokuja kuwasimamisha, baada ya mechi 49 za ligi bila kupoteza, ni Ihefu wa Mbarali, hapahapa Nyanda za Juu Kusini, Novemba 2022.

Sisemi kila kocha avumiliwe. Msimu wa 2024/25, pale Mbeya, timu mbili zilibadilisha benchi. Tanzania Prisons walimwondoa Mbwana Makata, wakamleta Amani Josiah, na wakanusurika kwenye mtoano. Ken Gold ya Chunya, iliyokuwa imepanda tu, iliachana na Fikiri Elias msimu ukiwa mbichi kabisa. Dirisha dogo ikaleta wachezaji wenye majina: Morrison, Chirwa, Yondani. Ikashuka daraja ikiwa mkiani. Kwa hiyo mtu akikuambia kikaoni kwamba kubadili kocha huokoa timu, au kwamba hakuokoi kamwe, mwombe akae chini.

Wewe kabla ya Jumapili nenda mazoezini. Usikae jukwaani na viongozi wenzako, simama karibu na mstari. Kocha akisimamisha zoezi kueleza jambo, wachezaji wanamtazama au wanatazamana? Wakongwe wakishaacha kumsikiliza, hapo amewapoteza wachezaji wote, na akishawapoteza hawarudi. Nyoosha mkono, tena mapema, mechi zikiwa bado zimebaki za kutosha.

Ukikuta wanamsikiliza na wanajituma kwa ajili yake, basi rudi uulize maswali ambayo wajumbe hawayapendi. Nani alisajili washambuliaji hawa, kocha au mfadhili? Mshahara wa mwisho uliingia lini? Timu ilisafiri usiku kucha ikafika asubuhi ya mechi kwa sababu ya nani? Hili linaniudhi kwa kweli, wadogo zangu. Kamati nyingi humtoa kocha ili zisijadiliwe zenyewe, na mtu anaondoka na jina lililochafuka kwa deni ambalo si lake.

Halafu umempata nani wa kushika timu Jumatatu asubuhi? Kama jibu ni "tutatafuta", hamko tayari kumfukuza mtu.

Na mkiamua aondoke, someni kwanza mkataba wake na kuhesabu stahiki zake. Kocha wa kigeni asiyelipwa hupeleka shauri FIFA, na klabu inaweza kufungiwa kusajili. Wa hapa nyumbani ana TFF. Zaidi ya hapo ana mke na watoto wanaosoma shule hapo mjini, na kodi ya nyumba inamsubiri. Mwenyekiti amwite, wakae wawili, amweleze kwa kinywa chake, ampe barua na tarehe ya malipo. Tangazo la Instagram lisubiri mpaka ameshafika nyumbani na kuwaambia watu wake mwenyewe.

Niandikie Jumapili usiku, hata ikiwa saa sita, unieleze mmeamuaje.